Kizibo Kilichofichwa Pindoni mwa Khanga

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ni Alhamisi moja ya kipupwe. Mlima ulikuwa umejifunika ukungu mpaka shingoni, nami nimekaa ofisini mjini Morogoro, nina kitu kidogo cha chuma pindoni mwa khanga yangu. Kitu chenyewe hakikuzidi ncha ya kidole gumba. Lakini kwa sababu yake kompyuta za ofisi nzima zilikuwa bubu, mkuu wangu alikuwa amekasirika, na fundi mmoja mwenye mke na mtoto mchanga alikuwa amelala chali chini ya meza, akimwomba Mungu amwonyeshe alipokosea. Hakuwa amekosea popote. Mkosaji alikuwa amekaa kwenye meza hiyohiyo, anapiga chapa.

Ngoja nianze mwanzo. Naandika polepole, univumilie. Shule yangu ni ya darasa la saba, na mkono wangu haujawahi kukimbia. Lakini kobe naye hufika.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilizaliwa Mgeta, juu huko ambako kabichi zinapandwa kwenye miteremko ambayo mbuzi huifikiria mara mbili. Kupiga chapa nilifundishwa na masista, kwenye mashine ya mkono, na kwa sababu nilikuwa na haya kupita kiasi, nilipiga chapa vizuri sana. Mtu mwenye haya hupenda kazi ya kuinamisha kichwa. Nikapata kazi katika ofisi ya chama cha wakulima wa mboga, nyumba ya vyumba vinne na stoo karibu na soko.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Viwanda vya mjini vilikuwa vinauzwa kimoja kimoja, na neno lililotisha kuliko simba lilikuwa "kupunguzwa". Mama yangu alipunguzwa. Alikuwa kiwandani miaka mingi, siku moja zikaja mashine mpya na mwenye kiwanda mpya, naye akarudi nyumbani saa nne asubuhi, ameshika kikombe chake cha chai alichokuwa akikiacha kazini. Alikiweka mezani. Kile kikombe sikukisahau. Ukinisikia nikikiri makosa yangu mbele ya safari, kikumbuke nawe, si ili unihurumie, bali ili ujue woga unapozaliwa.

Ofisi yetu ilikuwa na kompyuta za kupewa, na za kupewa hazichaguliwi. Wafadhili wa kwanza walileta mbili za aina moja. Moja ilikuwa yangu, na moja ya Bwana Kasonda, mtunza orodha za wanachama, Mnyamwezi, mtani wangu. Wafadhili wengine wakaleta moja ya aina nyingine kabisa, yenye alama ya tunda lililong'atwa. Hiyo akapewa dada Pendo, mchoraji wa vipeperushi vya kufundishia wakulima. Basi kompyuta hizo za aina mbili hazikuelewana hata kwa salamu. Ukichukua disketi ya Pendo ukaitia kwenye kompyuta ya Kasonda, kompyuta inakuambia disketi hii haina kitu, je, niisafishe ianze upya? Siku moja Kasonda akajibu ndiyo. Michoro ya wiki nzima, viwavi na majani na mikono ya wakulima, ikapotea kama moshi. Pendo alilia. Kasonda akamnunulia miwa, wakapatana, lakini tangu siku hiyo kila mtu aliogopa disketi ya mwenzake.

Isipokuwa mimi. Mimi, kwa kujaribujaribu kimyakimya, niligundua kwamba disketi ikiandaliwa kwanza kwenye kompyuta yangu, ile ya tunda huisoma na kuiandikia bila ugomvi, na ikirudi kwangu inasomeka. Sikumwambia mtu. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, nami nilikuwa kata. Tena printa ilikuwa moja tu, chumbani mwangu, nimeifunika kitambaa nilichodarizi mwenyewe kwa uzi mwekundu, maua mawili na neno "Karibu". Anayetaka kuchapa chochote aje kwangu, alete disketi, asubiri. Mimi ambaye nilikuwa naona haya kuitikia jina langu, watu wakawa wananiomba. "Tausi, dada yangu, nisaidie ukurasa mmoja tu." Hata Mwalimu Nyoni, mkuu wetu wa ofisi, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya paredi, alikuwa akigonga mlango wangu kabla ya kuingia. Ulevi si wa pombe peke yake, mwanangu.

Ndipo Mwalimu akamleta Fundi Tadei.

Fundi alikuwa kijana mwembamba, amebeba mzunguko wa waya mweusi begani kama mtu anayekwenda kufunga ng'ombe. Mwalimu akatukusanya.

"Ndugu zangu, kuanzia wiki hii kila mtu atachapa akiwa amekaa chumbani mwake. Na mafaili yatawekwa mahali pamoja, kila mtu ayafungue. Fundi, waeleze."

Fundi akatueleza kwa lugha rahisi. Alikuwa na kompyuta ya nne, kuukuu, aliyoikuta stoo imekaliwa na buibui. "Hii nimeifundisha lugha zote mbili," akasema. "Ya dada Pendo ikiitazama, itaiona ndugu yake. Zenu nyingine zikiitazama, zitaiona ndugu yao. Yenyewe itakaa katikati, ipokee faili kwa huyu, impe yule, na printa itaisemesha yenyewe."

"Kwa hiyo ni mkalimani," akasema Kasonda.

"Hasa. Mkalimani."

"Na atakuwa anakula wapi, maana wakalimani ninaowajua mimi hawafanyi kazi na njaa."

Watu wakacheka. Mimi nilikitazama kitambaa changu chenye neno "Karibu", na nilichokiona ni kikombe cha mama.

Waya ule mweusi ulianzia kwa Kasonda, ukapita kwa Pendo, ukaingia kwangu, ukaishia mgongoni mwa mkalimani aliyewekwa pembeni ya printa, kitambaa changu kikimfunika naye. Na mwisho wake, pale usipoendelea tena, fundi alifunga kizibo kidogo cha chuma. Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, cha nini. Akafurahi kuulizwa.

"Maneno yanakimbia ndani ya waya, dada. Yakifika mwisho yakakuta pako wazi, yanageuka, yanarudi, yanagongana na yanayokuja. Inakuwa kelele tupu. Hiki kinayapokea yatulie. Ukikitoa hiki, hakuna anayemsikia mwenzake, ofisi nzima."

Alinipa mafundisho yale kwa moyo mweupe. Nami nikayatumia hivi.

Jumanne mtandao ukafanya kazi kwa nusu saa, watu wakapiga makofi. Fundi alipotoka tu, nikaingiza mkono chini ya kitambaa, nikakizungusha kile kizibo, nikakifunga pindoni mwa khanga niliyojitanda mabegani. Papo hapo nikamsikia Kasonda: "Imekufa!" Pendo naye: "Yangu pia!" Fundi akarudi mbio. Alipokuwa kwa Kasonda anapekua, nilikirudisha. Akaja kwangu, akatazama, kila kitu mahali pake. Akajaribu, inakwenda. Akatoka. Nikakitoa.

Hivyo Jumanne, hivyo Jumatano. Fundi akiwa chumbani mwangu, mambo shwari. Akipiga hatua mlangoni, kifo. Watu wakarudi kwangu na disketi zao, nami nikawachapia kwa upole, nikiwapa pole kwa matatizo ya mtandao. Kasonda akaanza kusema kompyuta ile ya stoo ina jini.

"Mimi nawaambia, yule mkalimani anampenda fundi. Fundi akiondoka, anasusa. Leteni ubani!"

"Bwana Kasonda, hii ni kazi ya kitaalamu," akasema fundi, jasho linamtoka katika baridi ile.

"Na jini naye ana utaalamu wake."

Mwalimu Nyoni hakucheka. Jumamosi ulikuwa mkutano mkubwa wa wakulima kule Mgeta. Vipeperushi vya Pendo vya kuzuia viwavi vilitakiwa, na orodha za Kasonda zilitakiwa, na kuchapa vyote kwa disketi moja moja kusingemalizika. Jumatano jioni alisimama mlangoni kwangu, akamwambia fundi mbele yangu: "Kesho saa kumi. Isipokaa sawa, utakunja waya wako uende. Na barua ya kukusifu niliyokuahidi kwa ofisi nyingine, usahau." Fundi akaitikia, "Sawa, Mwalimu." Akainama kukusanya vifaa vyake, nikaona shati lake limechanika mgongoni kwa kutambaa chini ya meza zetu.

Uso wangu ulikuwa wa moto. Lakini sikusema. Mwenye haya ana haya ya kusema neno jema pia.

Alhamisi mchana akaja mjomba wangu, Mjomba Kibua, kaka wa mama. Kwetu Uluguru mjomba si mgeni wa kupewa chai tu. Mtoto ni wa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye anayekuuliza umeishije. Alikuwa ameshuka na lori la kabichi na karoti, na kila akishuka hupita kunisabahi. Kule juu alikuwa msimamizi wa mfereji, yule anayegawa maji ya mlimani kwa zamu, shamba kwa shamba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona macho yako yanatazama chini kama umedondosha sindano?"

Nikamwekea kiti pembeni ya printa. Akakaa na bakora yake, akatazama mambo kwa utulivu. Akamwona fundi akiingia, akihangaika, akitoka. Akasikia vyumba vya pili vikipiga kelele. Akamwona fundi akirudi. Mara ya pili fundi alipotoka, mjomba alikuwa hamtazami fundi tena. Alikuwa anatazama mkono wangu unavyoingia chini ya kitambaa, na unavyopita pindoni mwa khanga.

Alingoja, kisha akainuka. "Nisindikize, nikanywe maji."

Tukasimama nje, nyuma ya nyumba, penye bomba. Akanywa kwa kiganja, taratibu, akajifuta ndevu.

"Unamkumbuka Chuma, mwenye shamba la juu kabisa kwenye mfereji wetu?"

"Namkumbuka."

"Aliogopa kiangazi. Kila zamu yake ikiisha, hafungui. Anaziba kwa mawe na majani ya mgomba, anasema mfereji umebomoka wenyewe. Wenzake wa chini wakakauka. Na kabichi zake unajua zilipatwa na nini?"

"Sijui."

"Zilioza. Kabichi haitaki kuogelea, mpwa wangu. Maji uliyoyazuia hayakai yakakungoja kwa adabu. Yanakuozesha."

Akaninyooshea kiganja. Hakuninyang'anya, hakunifokea. Kiganja tu, wazi, bado kina maji. Nikafungua pindo, nikakiweka kizibo pale. Akakitazama juu na chini.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Huyu kijana ametafuta kila nguo isipokuwa yako. Una shida gani?"

Nikamwambia. Kikombe cha mama, darasa la saba, kupunguzwa. Nililia, na machozi ya kipupwe ni ya baridi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama yako hakupunguzwa kwa sababu mwenzake alijua kazi. Na wewe hutabaki kwa sababu mwenzako hajui. Atakayebaki ni anayejua mfereji unapita wapi. Wewe umeukata siku tatu, fundi asikugundue. Sasa niambie, katika nyumba hii nani anaujua mfereji huu kuliko wewe?" Akanirudishia kizibo. "Nenda kaseme. Mimi nakaa hapa bombani. Wakikufukuza, lori lina nafasi, tutapanda wote. Wasipokufukuza, nitakunywa chai."

Mwanangu, kutoka bombani mpaka chumba cha Mwalimu ni hatua kumi na tano. Nilizihesabu. Nilimkuta Mwalimu na fundi, fundi ameanza kukunja waya kiwikoni. Kasonda na Pendo walikuwa mlangoni. Nilitaka kusema maneno niliyoyapanga, yakanitoroka yote. Nikaweka kizibo mezani, nikasema, "Jini ni mimi."

Fundi akaacha kukunja waya.

Nikaeleza, nikimtazama fundi, kwa maana yeye ndiye niliyemkosea. Akakichukua kizibo, akakigeuza. Uso wake ulipandwa na hasira, nayo ilikuwa haki yake.

"Siku tatu, dada! Siku tatu niko chini ya meza, mgongo umekuwa wa mzee. Mke wangu nimemwambia labda kazi hii siiwezi."

"Nisamehe, fundi. Kama kuna wa kuondoka, ni mimi."

Akavuta pumzi. Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Ulikuwa unakirudisha kabla sijafika, kila mara?"

"Kila mara."

"Bila kutazama?"

"Kwa kidole. Ukifunga vibaya kinacheza, taa ya nyuma inapepesa. Ukifunga vizuri inatulia."

Fundi akaanza kucheka. Alianza kidogo, kama chai inayotaka kuchemka, kisha akashika meza. Kasonda akafuata kwa kishindo. "Nimesema kuna jini, mkanibishia! Jini Mluguru! Hawa watu, Mwalimu, hata maji ya Mungu kule kwao wanayapangia zamu, wataachaje maneno yapite bure?"

"Nyamaza, Kasonda," akasema Pendo, lakini naye anajifuta macho kwa kucheka. "Wewe uliyefuta viwavi vyangu."

Mwalimu Nyoni ndiye aliyekuwa bado. Alitungoja tumalize kucheka, akakohoa kile kikohozi chake cha paredi.

"Tausi. Ulichofanya ni kibaya, na unajua. Utamwomba msamaha fundi kwa kazi, si kwa maneno. Kesho utakaa chini ya meza pamoja naye mpaka ujue kila kiungo cha waya huu. Yeye akishaondoka, mtandao ni wako. Ukifa, nakuita wewe. Ukipona, nakuita wewe. Aliyejua kukitoa kizibo ndiye atakayejua kukifunga." Akamgeukia fundi. "Na barua yako nitaiandika mwenyewe leo."

Saa kumi kasorobo fundi alikuwa amekwisha kuutandaza waya upya, akanipa kizibo nikifunge mimi. Nikakifunga, taa ikatulia. Nikakitoa kitambaa juu ya printa, nikakikunja. Vyumbani mwao Pendo akabonyeza, Kasonda akabonyeza, wote kwa pamoja kwa ubishi wa nani ataanza. Mkalimani akazipokea kazi zote mbili, akazipanga, moja nyuma ya nyingine, bila upendeleo. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi, na kutoka kwenye ile kompyuta ya tunda likaja jani la kabichi, limekamilika na mishipa yake, na kiwavi juu yake amenona kama diwani. Nyuma yake ikaja orodha ya Kasonda. Hakuna disketi, hakuna aliyegonga mlango wangu, na chumba changu kilikuwa kimejaa watu kuliko siku yoyote.

Mjomba aliingia akapewa karatasi ya kwanza, bado ina joto. Akaitazama sana. "Huyu ndiye," akasema, "huyu mshenzi ndiye anayetumaliza." Akaikunja kwa uangalifu, akaitia ndani ya kofia yake, akavaa. Kisha akasema, "Sasa ile chai iko wapi?"

Jumamosi vipeperushi vilipanda mlima. Nami nilikaa katika ofisi ile mpaka nywele zikageuka mvi. Mitambo ilibadilika mara nyingi. Waya mweusi ukaondoka, ukaja wa rangi ya samawati, kisha waya wenyewe ukapotea na mambo yakawa yanapita hewani. Kila mabadiliko yalipokuja waliniita mimi wa darasa la saba, kwa sababu kila nilichojifunza nilikuwa nimekwisha kumfundisha mtu, na anayefundisha hujifunza mara mbili. Ile siri ya disketi niliieleza siku ileile. Fundi Tadei alishangaa, akaiandika daftarini. Mpaka leo akipita Morogoro huniita Jini, nami humwitikia.

Basi mwanangu, nikuachie neno. Utafanya kazi na watu wasiofanana nawe, wengine wenye lugha yao, wengine wenye namna yao, kama zile kompyuta zetu za kupewa. Usiwadharau, wala usijifanye daraja la pekee ili wote wakupigie magoti. Ukijua jambo, lifundishe likiwa bado changa. Ukiogopa, useme unaogopa, kwa maana woga unaofichwa hushika vidole vyako na kuvitumia. Ukikosa, rudisha ulichokitoa kwa mkono wako mwenyewe kabla mwenzio hajakunja waya wake. Na ukikosewa, mwanangu, jaribu kucheka kama Fundi Tadei. Kicheko kile kiliniokoa mimi kuliko adhabu yoyote.

Kizibo ninacho. Fundi alinipa siku tulipong'oa waya ule, nakiweka kwenye kikombe cha mama. Ukija kunitembelea nitakuonyesha, na chai tutakunywa.

Mwenyezi Mungu akupe zamu yako ya maji bila kupungua, akupe na moyo wa kuyaachia yashuke kwa wa chini yako. Kila utakapogonga, ukute mlango uko wazi, na wako usiwe na haja ya kugongwa. Amina.